Mfungwa Mwenye Kosa Hana Kitabu

Sanduku la vitabu la kikundi chetu cha kusoma ni boksi la mafuta ya mgao. Lina vitabu kumi na vinne, viwili havina jalada, kimoja kimeliwa na panya mpaka ukurasa wa thelathini. Miezi hii miwili tumesoma viwili vinavyohusu gereza: Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla na Haini cha Adam Shafi. Wenzangu wakaniambia, wewe andika uhakiki. Nikakubali haraka, kwa sababu nilidhani ni kazi ya kawaida: maudhui, wahusika, fani, ujumbe kwa jamii, kama tulivyofundishwa shuleni.

Nimeshindwa kuuandika hivyo, na aliyenishinda ni kijana mmoja. Jina lake sitalitaja, na wale wanaomjua naomba nao walifiche. Kijana huyu aliiba sola ya mama mmoja muuza dagaa. Alikamatwa, akapigwa, akapelekwa, akahukumiwa miezi sita. Gereza lenyewe pia sitalitaja. Amemaliza, amerudi, na siku tuliyofika katikati ya Sauti ya Dhiki alikuja akasimama nje ya turubai letu akisikiliza. Mzee wa kikundi akamwambia, "Ingia mwanangu, ukae." Akaingia, akakaa karibu na mlango. Mama muuza dagaa, ambaye hajawahi kukosa hata siku moja, akainuka akatoka.

Kwa hiyo ndugu msomaji, huu ni uhakiki wa vitabu viwili, lakini umeandikwa na mtu aliyeona kiti kimoja kikikaliwa na kingine kikiachwa.

Nianze na vitabu vyenyewe, maana vinastahili.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya siasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? Kwa hilo swali tu alishtakiwa. Kwanza akapewa miezi kumi na minane, upande wa serikali ukakata rufaa kwamba ni kidogo, ikawa miaka 3. Akaimaliza mwaka 1972, sehemu kubwa akiwa amefungiwa peke yake. Humo ndani akatunga mashairi kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Yalipotoka kitabu mwaka 1973, mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi iliyokuwa na jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais aliyemfunga. Kwetu hapa kambini tulipoambiwa hilo tulicheka sana, kicheko cha watu wanaojua serikali zilivyo.

Kiswahili chake ni cha Mombasa. Sisi wa Buyenzi tunajivunia Kiswahili chetu, lakini humo tulikwama. "Siwati" tulidhani ni jina la mtu. Ndugu mmoja aliyewahi kukaa Mombasa ndiye aliyetueleza: maana yake ni siachi, siliachi jambo langu. Tangu hapo kitabu kikafunguka. Tukaona jinsi anavyojificha nyuma ya picha: mamba, jipu, watu wawili wanaogombania mnazi. Askari akisoma ataona ni mambo ya shamba na maradhi. Msomaji mwenye macho ataona ni nchi.

Kuna jambo moja la fani ambalo sijalisikia likisemwa, nalisema mimi. Gerezani kila kitu kinahesabiwa na mtu mwingine. Wanakuhesabu asubuhi, wanakuhesabu jioni, wanahesabu siku zako, wanahesabu vijiko vya maharage. Abdilatif ndani ya hali hiyo anatunga kwa vina na mizani, hapunguzi silabi wala hazidishi. Wengine katika kikundi walisema huo ni utumwa wa mapokeo, angeandika kwa uhuru. Mimi naona kinyume. Alipata kitu kimoja cha kuhesabu yeye mwenyewe. Mizani ile ilikuwa yake, haikuwa ya askari. Sisi tunaosubiri mgao kwa kuitwa namba tunaelewa mtu kutafuta hesabu yake mwenyewe.

Haini ni riwaya, ilitoka 2003, na mwandishi wake naye alionja. Baada ya Karume kuuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa, na Adam Shafi alikuwa miongoni mwao. Katika riwaya tunamfuata Hamza, anayeteswa ili akiri. Ukisoma zile kurasa za mateso unataka kuziruka, lakini huwezi, kwa sababu unajua kuziruka ni kama kumwacha Hamza peke yake chumbani na wale watu. Na jina la kitabu lina akili. Haini ni msaliti. Unafika mwisho unajiuliza, msaliti hapa ni nani hasa, yule aliyefungwa pingu au yule aliyemfunga?

Vitabu vizuri. Ningeweza kuishia hapa, nikaweka alama, nikarudisha kwenye boksi.

Lakini siku ile tulipomaliza, mzee alimwuliza yule kijana, "Na wewe mwanangu umeonaje?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia: "Huyu wa mashairi amefungwa na ana cha kujivunia. Huyu Hamza hana kosa. Mimi nilikuwa na kosa. Mimi nani ataniandika?"

Hakuna aliyejibu. Nimekuwa nikitafuta jibu tangu siku ile, na kadiri ninavyotafuta ndivyo ninavyoona kwamba kijana amegusa mahali penye udhaifu. Udhaifu huo hauko kwa Abdilatif wala kwa Shafi, maana wao waliandika waliyoyapitia. Uko kwetu tunaosoma. Tunampenda mfungwa asiye na hatia. Machozi yetu tumemwekea yeye. Kitabu kinapotuambia "huyu hana kosa," mlango wa huruma unafunguka wazi. Tukiambiwa "huyu ni mwizi," mlango unafungwa, na mateso yaleyale, chumba kilekile, fimbo ileile, yanaanza kuonekana ni haki yake.

Hebu jiulize: kama Hamza angekuwa kweli ameua, kurasa zile za mateso zingekuwa halali? Kama jibu ni hapana, basi kutokuwa na hatia kwake hakukuwa sababu ya sisi kukasirika. Sababu ni kwamba mtu hatendewi hivyo. Lakini nimesoma nikajichunguza, na nakiri, mimi nilikasirika kwa sababu hana hatia. Nilisoma kitabu kizuri vibaya.

Sasa nirudi nyuma, Buja.

Kabla ya 2015 nilikuwa nafanya kazi ya kupakia na kupakua katika ghala moja pale Zone Industrielle, wenyewe tunasema Industriel tu. Asubuhi ni maroli, vumbi, vijana wamekaa ukutani wanangoja kuitwa kwa kazi ya siku. Ukitoka pale kuelekea Musaga, upande wa kusini wa jiji, ndiko liliko gereza kuu la Mpimba. Kila wiki niliwaona akina mama wakipita na vikapu, sufuria zimefungwa kwa kitambaa zisimwagike. Hukuhitaji kuwauliza wanaenda wapi. Burundi ukifungwa, serikali inakupa maharage na unga wa mihogo, mengine ni ya jamaa zako. Asiye na jamaa mjini anakula alichopewa, anawaangalia wenzake. Sisi wapakuaji tulikuwa tunawapisha wale akina mama njia, basi. Hatukufikiria zaidi.

Mpimba ilijengwa kwa watu 800. Kwa miaka mingi imekaa na maelfu. Na wengi wa walioko katika magereza ya Burundi hawajahukumiwa bado, wanangoja tu, faili liko mahali. Neno lenyewe la Kirundi linatisha ukilifikiria. Mfungwa tunamwita umunyororo, wakiwa wengi abanyororo. Ni mnyororo uleule wa Kiswahili. Kiswahili kinasema mfungwa, mtu aliyefungwa na mwingine, kwa hiyo bado ni mtu. Kirundi kimemgeuza kuwa kile chuma chenyewe.

Mwezi Mei 2014 alikamatwa mzee Pierre Claver Mbonimpa. Wengi hapa mnamjua kwa sauti yake redioni. Alikuwa amesema kuhusu vijana wanaopewa silaha na mafunzo upande wa Congo, akatiwa ndani Mpimba. Ikaanza ile kampeni ya Ijumaa ya kijani. Kijani ndiyo rangi ya nguo za wafungwa Burundi. Kila Ijumaa watu wakawa wanavaa kijani kusema, mkimfunga yeye mmetufunga na sisi. Mimi nilikuwa na shati moja la kijani la mpira, la mitumba. Nikalivaa kila Ijumaa pale Industriel, linaloa jasho, nalifua, Ijumaa ijayo nalivaa tena. Mwezi Septemba mwaka huohuo akatolewa kwa sababu ya afya. Tulishangilia kama tumeshinda kombe. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Agosti, alipigwa risasi, akapona, akapelekwa nje ya nchi kwa matibabu. Na wengi wetu tukatoka pia, kwa njia zetu.

Lile shati nililipenda. Nilikuja nalo mpaka kambini.

Sasa nasema jambo ambalo ni gumu kwangu. Siku yule kijana alipokamatwa na sola ya mama muuza dagaa, mimi nilikuwepo. Watu walimzunguka. Kulikuwa na fimbo, kulikuwa na mkanda, kulikuwa na mtu amebeba ndoo ya maji sijui ya nini. Sikumpiga. Lakini nilisimama, na nilipoulizwa, "Wewe unasemaje?" nilisema, "Wamfundishe adabu." Neno langu lilikuwa fimbo mojawapo. Mimi niliyevaa kijani Ijumaa miezi minne, kwa ajili ya mfungwa ambaye sijawahi kumkaribia, nilishindwa kusema neno moja kwa mfungwa aliyekuwa miguuni pangu.

Kwa nini? Kwa sababu Mbonimpa hakuwa na kosa, na kijana alikuwa nalo. Hiyo ndiyo tofauti yote. Na hapo ndipo nikaona kwamba hata kijani changu sikukielewa. Maana mzee Mbonimpa mwenyewe hakufikiri hivyo. Alipofungwa mara ya kwanza, kuanzia mwaka 1994, alikaa Mpimba miaka 2. Angeweza kutoka akasema, mimi nilionewa, mimi si kama wale wezi. Badala yake alitoka akaanzisha shirika la kutetea haki za binadamu na za wafungwa, hili tunalolijua kwa jina la APRODH, na watu wake wakawa wanaingia magerezani kuuliza habari za kila aliyemo. Aliyeiba baiskeli, aliyesingiziwa, aliyeua, wote. Alimwona asiye na hatia kuwa mmoja tu kati ya walioko ndani, naye akawaangalia wote.

Nitatoa mfano mwingine, wa kuumiza. Tarehe 7 Desemba 2021, usiku haujaisha, gereza la Gitega liliungua. Lilikuwa limejengwa kwa watu 400, ndani walikuwemo zaidi ya 1,500. Serikali ilitangaza waliokufa ni 38. Moto haukuuliza nani amehukumiwa na nani anangoja, nani mwizi na nani ameonewa. Hapa kambini siku ile kila mtu mwenye jamaa kule alitafuta simu. Na nakumbuka maneno ya watu: "Maskini, na wengine hawakuwa hata na kosa." Mimi pia nilisema hivyo. Angalia lile neno "hata." Maana yake wale wenye kosa kufa kwao kwa moto kunaeleweka kidogo.

Lakini nchi yetu ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009. Sheria ilisema hata muuaji atafungwa, hatauawa. Basi hakimu hana tena ruhusa ya kuua, lakini ukirundika watu 1,500 mahali pa 400, umerudisha kifo kwa mlango wa nyuma, na safari hii hata mwizi wa kuku anaweza kukipata. Rais alitoa msamaha mwaka 2021, mwezi wa tatu, kwa wafungwa zaidi ya 5,000. Ni jambo jema, familia nyingi zilifurahi. Lakini Gitega iliungua mwaka huohuo, mwezi wa kumi na mbili. Msamaha unapunguza maji kwenye ndoo, bomba bado limefunguliwa.

Najua mama muuza dagaa atasoma hapa, au atasomewa. Na najua atasema nini, kwa sababu ameshaniambia: "Huruma yenu ni ya kitabuni. Watoto wangu wamesoma gizani miezi sita. Nani amenilipa sola yangu?"

Mama, una haki, na swali lako ni zito kuliko vitabu vyote viwili. Nataka nilijibu pole pole.

Gereza ni la nini? Nikiwasikiliza watu hapa, wanataka mambo matatu. La kwanza, mwizi aondoke tulale. La pili, alipe. La tatu, arudi akiwa mtu mwingine. Sasa tupime miezi sita ya kijana huyu. Tulilala? Ndiyo, kwa upande wake tulilala miezi sita. Alilipa? Kulipa nini, alikaa chini tu akila maharage. Sola ilivunjika siku ya kupigwa, na hakuna siku hata moja kati ya zile mia na themanini iliyotoa hata franga moja ya kununua nyingine. Je, amerudi mtu mwingine? Amerudi na upele, amekonda, na amejuana na watu ambao kabla hakuwajua. Kama hataiba tena itakuwa ni kwa nguvu zake, haitakuwa ni kazi ya gereza. Kwa hiyo katika mambo matatu tumepata moja, tena la muda.

Babu zetu hawakuwa na gereza. Mzungu ndiye aliyelileta, Mjerumani kisha Mbelgiji. Kabla yake kesi ilikwenda kwa Abashingantahe, wazee wa intahe, na swali lao la kwanza lilikuwa: aliyepotewa atarudishiwaje, na hawa wawili wataishije mlima mmoja kesho? Sisemi walikuwa malaika. Sisemi pia kila kosa linamalizwa kwa pombe na maneno. Sisi Warundi, pamoja na yale tuliyoyaona 1972 na 1993, hatuwezi kudanganyana. Wako watu ambao bila ukuta tusingelala kabisa. Aliyeua kwa panga hawezi kuambiwa alete mbuzi yaishe. Ukuta una kazi yake.

Lakini hata kwa huyo, ukuta ndiyo adhabu. Hili limeandikwa vizuri katika kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zile zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Mandela, kwa ile miaka 27 yake. Zinasema kumnyima mtu uhuru kwenyewe tayari ni maumivu, na gereza halitakiwi kuyaongeza. Zinasema pia kwamba lengo ni kuilinda jamii na uhalifu na kumfanya mtu asirudie, na kwamba lengo hilo linafikiwa tu ikiwa siku za kifungo zimetumika kumwandaa kuishi tena na watu. Waafrika nao walikutana Kampala mwaka 1996 wakatoa tamko lao juu ya hali ya magereza, kwa roho hiyohiyo. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya wazungu.

Hakimu alimhukumu kijana miezi sita. Hakumhukumu upele. Hakumhukumu njaa wala kulala ameegemea mgongo wa mwenzake kwa kukosa nafasi. Nani basi alitoa hizo hukumu nyingine? Hakuna karatasi yenye jina lake. Na ile ya kwanza kabisa, ya fimbo na mkanda, karatasi yake iko wapi? Ile hakimu wake nilikuwa mimi na nyinyi.

Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi nina neno kwenu. Mnatuletea semina za ulinzi, semina za amani, tunakaa, tunakula biskuti, tunasaini daftari. Tunashukuru. Lakini kwa mtu anayerudi kutoka gerezani sijaona semina. Wa nje anapofika kambini anapokelewa, anapewa turubai, sufuria na blanketi. Anayetoka ndani anakuta kibanda chake kimebomolewa miti na majirani, na hakuna anayemkaribia. Kijana huyu usiku wa kwanza alilala nje ya kituo cha afya. Kama kuna kazi moja ndogo ya kufanya, ni hiyo: mtu awe na mahali pa kurudi siku anayorudi. Gereza zima, zuri au baya, linapimwa siku hiyo moja.

Nirudi kwenye vitabu, maana nimeagizwa uhakiki.

Yupo mwandishi mmoja wa Kenya, John Kiriamiti. Huyu alikuwa jambazi kweli wa benki, akahukumiwa miaka ya sabini, akaandika akiwa gereza la Naivasha, na My Life in Crime kilitoka 1984. Huyo ana kosa na ana kitabu. Vijana waliosoma Kiingereza cha kambini wanakipenda mno. Lakini nimewasikia wanavyokisimulia: magari, pesa, kukimbizana na polisi. Wanaondoka na ujambazi, gereza wanaliacha ukurasa wa mwisho. Baadaye aliandika My Life in Prison, na hicho sijamsikia kijana hata mmoja akikitaja. Kumbe tatizo ni lilelile kwa upande wa pili. Mwenye kosa tunamtaka akiwa anaiba, maana hapo ni sinema. Akishafungwa hatumtaki. Tunamtaka asiye na hatia pale ndani, maana hapo ni shahidi.

Kwa Kiswahili, Kezilahabi alijaribu kitu karibu na hicho katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975. Tumaini anaua, na mwisho ananyongwa. Hatuwezi kusema alisingiziwa. Msomaji analazimika kukaa na mtu mwenye damu mikononi na bado amwone ni mtu, kwa sababu amemjua tangu utotoni. Naona hiyo ndiyo njia. Si kumsafisha mwenye kosa. Ni kumjua kabla ya kosa na baada yake, mpaka kosa liwe siku moja katika maisha yake, lisiwe jina lake.

Kitabu ambacho boksi letu linakikosa ni hicho, kwa upande wa gereza. Mtu aliyeiba kweli, akahukumiwa kwa haki kabisa, halafu gereza likaonyeshwa lilivyo. Bila siasa, bila ushujaa, hana cha kujivunia. Tukiweza kusoma hicho na kusema "hata huyu hastahili haya," hapo tutakuwa tumeelewa na Haini.

Na pasiwe na msomaji atakayesema Abdilatif hahusiki. Anahusika. Alitoka Kamiti akaenda Dar es Salaam, kisha Uingereza, kisha Ujerumani. Alikaa nje ya nchi yake miaka mingi kuliko aliyokaa ndani ya gereza lake. Sisi tunajua hilo pia ni nini. Mtu akisema "siwati" peke yake chumbani ni ushujaa wake. Lakini neno hilo lina maana ya pili, nami nimeisikia kwa mzee wetu wa kikundi. Alipomwambia kijana "ingia mwanangu," na mama akatoka, watu wakamwambia mzee, amfukuze kijana ili mama arudi. Akasema, "Simwachi mmoja." Mama naye hakumwacha. Jioni alikwenda kwake kumbembeleza.

Wamekubaliana hivi, na nimeruhusiwa kuandika. Kijana atambebea mama maji, madumu manne kwa siku, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, mpaka yatimie malipo ya sola kwa bei waliyopatana mbele ya wazee wawili. Ametimiza wiki tano. Mama bado hamsalimii. Anamwachia madumu matupu nje ya mlango, na kijana anayarudisha yamejaa.

Jumamosi iliyopita mama alirudi kwenye kikundi. Alikaa upande wa pili wa turubai, mbali. Tulikuwa tunasoma tena Sauti ya Dhiki toka mwanzo kwa sababu hatuna kitabu kipya. Zamu ya kusoma ikamfikia kijana. Anasoma kwa shida, Kimvita kinamkwaza. Alipokosea neno, aliyemsahihisha alikuwa mama, bila kuinua kichwa.

Lile shati la kijani bado ninalo. Nilitaka kumpa kijana, maana alitoka na nguo moja. Halafu nikakumbuka ni rangi gani na inasema nini mgongoni mwa mtu kama yeye. Nikampa la bluu. Lile la kijani nitalivaa mwenyewe Ijumaa, na safari hii nitajua ni kwa ajili ya nani.